Jibu la Mkia

"TANGAZO. Wageni wote wa matembezi ya ndege wanaarifiwa kwamba, kuanzia tarehe ya tangazo hili, ni marufuku kuitana, kucheka kwa sauti, kupiga chafya pasipo kuziba mdomo, na kuvaa kofia ya rangi nyekundu au inayokaribia wekundu, mahali popote ndani ya korongo. Viongozi wa misafara watatafuta njia tulivu ya kuwasiliana na watu wao. Kwa amri, Mkuu wa Hifadhi."

Tangazo hilo lilibandikwa langoni mwanzo wa kiangazi, kwa gundi nyingi kuliko ilivyohitajika. Lililojadiliwa zaidi ni suala la kofia. Wauza kofia wa langoni walitaka kujua rangi ya machungwa iko mbali kiasi gani na wekundu, na ofisi iliahidi ufafanuzi ambao haukutolewa. Sentensi ya njia tulivu haikujadiliwa na mtu, isipokuwa katika nyumba moja iliyolazimika kuishi nayo.

Nyumba hiyo ilikuwa ya kiongozi wa matembezi ambaye wenzake walimwita Darubini, kwa kuwa mkanda wa chombo hicho ulikuwa umemchora shingo kwa alama isiyotoka hata akioga. Sheria ilitaka kila msafara uwe na mtu wa kutembea mwisho, aliyeitwa mkia. Pasipo mkia, lango halikufunguliwa. Lakini ofisi haikuwa na cheo cha mkia, na kwa sababu hiyo haikuwa na mshahara wake. Darubini alimweka mkewe. Kila Jumamosi mlinzi wa lango alimvika mama huyo kitambulisho kilichoandikwa MGENI, akamtakia matembezi mema katika korongo alilolijua kuliko jiko lake. Viongozi wengine walimwita Bi Mkia. Mwanzoni alikasirika, baadaye aliona kuwa hasira nayo ni kazi isiyo na mshahara.

Njia tulivu aliibuni Darubini mwenyewe. Kwenye kila kona alipiga mluzi wa sauti mbili, chini kisha juu. Mkewe alijibu kutoka nyuma kwa sauti tatu zilizopanda, na ya tatu ilikuwa na mkwaruzo kidogo kwa sababu ya jino la mbele lililovunjika. Jibu hilo lilimaanisha: sote tupo. Na penye shida? Hapo ndipo Darubini alipojivunia akili yake. Mtu aliyeumia, alisema, huenda asiweze kupiga mluzi. Basi alama ya hatari isiwe sauti, iwe ukimya. Mkia asipojibu, kiongozi anarudi mbio. Mkuu wa Hifadhi aliusifu utaratibu huo kwa neno moja, "Tulivu," akaamuru viongozi wote wauige.

Hakuna aliyeona kasoro ndani yake. Ulikuwa utaratibu wa watu wenye busara.

Jumamosi moja asubuhi, katikati ya kiangazi, mke wa Darubini alikuwa amekaa kwenye kigoda jikoni akifunga kamba za viatu. Binti yao, aliyekuwa amemaliza shule na kusubiri kazi mpaka akazoea kusubiri, aliosha vikombe huku akipiga mluzi wa sauti tatu. Aliupiga vizuri kuliko mama yake.

"Hebu tupumzishe," alisema bibi yake, mama mzazi wa Darubini, kutoka mlangoni. "Nyumba hii siku hizi watu hawasalimiani. Wanalia tu kama wamefungiwa tunduni."

"Najifurahisha tu, Bibi."

"Jifurahishe kimya. Si ndiyo amri?"

Darubini aliingia akifuta vioo vya darubini kwa ncha ya shati. Mkewe alimsemesha bila kuinua kichwa.

"Baba, wiki iliyopita kuna jambo sikukwambia."

"Umechagua wakati. Chai inapoa."

"Pale juu ya Koo, korongo linapobana, ulipopiga, kuna mtu alijibu kabla yangu."

"Mwangwi."

"Mwangwi haujibu kabla ya mtu kusema."

"Ulijibu, kuta zikarudisha, ukasahau kipi kilitangulia. Joto lile linavuruga kichwa, mama."

"Nilikuwa na maji mdomoni," alisema mkewe. "Nilikuwa nakunywa."

Darubini aliacha kufuta kioo. Alikuwa amewafuata ndege nusu ya umri wake, na alijua fika kwamba ndege aitwaye kurumbiza huiga kila anachokisikia: mlio wa mwewe, mlango usiotiwa mafuta, mbwa wa jirani. Alikuwa amewaeleza wageni jambo hilo mara nyingi kwa sauti ya kunong'ona, nao wakashangaa kwa kunong'ona. Jambo lilikuwamo kichwani mwake; ila lilikaa kwenye chumba cha wageni, na mkewe alikuwa anazungumza kutoka jikoni.

"Usiseme mbele ya watu," alisema hatimaye.

"Na ofisini?"

"Ofisini ndiyo usithubutu. Wakisikia utaratibu una kasoro watafunga matembezi kiangazi chote. Tutakula nini, kofia?"

"Nyekundu zimebaki tele," alisema bibi.

Mkewe hakucheka. "Basi niruhusu jambo moja. Nikipata shida nipige kelele. Nikuite kama mtu anavyomwita mumewe."

"Halafu nifutiwe leseni kwa sababu ya kelele za mke wangu mwenyewe? Tulishakubaliana. Shida ni kimya. Ukinyamaza, nakuja. Nimewahi kukosa kuja?"

Hakuwahi kukosa, kwa kuwa mkewe hakuwahi kunyamaza. Wote wawili walilijua hilo.

Msafara wa siku hiyo ulikuwa mdogo. Alikuwamo mfamasia aliyebeba kitabu cha ndege chenye kurasa zilizotiwa alama za rangi, wageni wachache waliomfuata mfamasia kwa sababu ya kitabu, na mwalimu mstaafu, mama mnene mwenye viatu vipya, aliyekuja kwa ushauri wa daktari na kujuta tangu langoni.

Korongo lilianza pana. Mchangani mlikuwa na nyayo za wanyama wadogo, na kati ya mawe vilibaki vidimbwi vya maji yaliyolala. Kisha kuta zilisogeleana. Jua lilikuwa juu ya miamba, lakini chini joto lilikuwa halina mahali pa kwenda. Lilikaa pale kama mgeni asiyeaga. Darubini aliwaonyesha mbayuwayu waliojenga chini ya ubao wa jiwe, na mdiria, ndege mla samaki, aliyekaa juu ya kidimbwi kisicho na samaki. Kila kona alipiga sauti mbili. Kila kona sauti tatu zilijibu. Mfamasia aliandika majina ya ndege na kuinua kidole kila alipotaka kuuliza, kama walivyoagizwa.

Mbali, juu ya vilele ambako hakuna aliyekuwa anatazama, wingu lilikuwa limekaa tangu alfajiri, limeanza kuwa na rangi ya risasi.

Koo palikuwa mahali ambapo mtu aliyenyoosha mikono angeweza karibu kugusa kuta zote mbili. Hapo ndipo mwalimu mstaafu alipokanyaga jiwe lililoonekana kavu. Hakupiga kelele, alikuwa amesoma tangazo. Alikaa chini taratibu, akashika kifundo cha mguu, na uso wake ukawa wa rangi ya majivu.

"Kimevunjika?" alinong'ona Bi Mkia.

"Sijui. Sikisikii. Mama, niache tu nipumzike, wewe wafuate wenzako."

"Kazi yangu ni kuwa nyuma yako. Ukikaa wewe, nakaa mimi."

"Watatuacha."

"Hawatuachi. Sasa hivi atapiga mluzi, mimi sitajibu, na yeye atarudi mbio mpaka akuchekeshe. Subiri uone."

Wageni wengine walikuwa wameshapinda kona. Kutoka huko zilikuja sauti mbili, chini kisha juu. Bi Mkia alifunga midomo. Aliifunga kwa makusudi na kwa utii, kama mtu anayevuta kamba ya kengele.

Kutoka kwenye kichaka kilichoning'inia juu ya ukuta, sauti tatu zilipanda, wazi na bila haraka. Ya tatu ilikuwa na mkwaruzo.

Mwalimu alimtazama mdomoni. "Si umesema hutajibu?"

"Sijajibu."

Mama huyo aliinua macho kwenye kichaka, asione kitu. Alijisikia akiitwa na kuitikiwa bila yeye mwenyewe kuwapo. Kule mbele zilisikika hatua, kisha hazikusikika.

Hapo alivunja amri. Alimwita mumewe kwa jina, jina ambalo lilikuwa halijatamkwa korongoni kiangazi kizima, kwa sauti iliyotoka imekauka. Aliita tena kwa nguvu zaidi, akaokota jiwe akaligonga ukutani. Kuta zilichukua vyote hivyo, zikavigawa vipande, zikavirudisha vikiwa havina maana.

Kwenye kona ya pili, mfamasia aliinua kidole. "Samahani, kiongozi. Kama nimesikia mtu anaita."

Darubini alisimama. Alikuwa amesikia kitu naye, na jambo la kwanza lililomjia lilikuwa aibu. Mke wa kiongozi, mbele ya wageni, wiki chache baada ya tangazo. Alipiga mluzi, mkali kidogo kuliko kawaida.

Sauti tatu zilijibu. Mkwaruzo ulikuwapo.

"Mmesikia?" alisema. "Sote tupo. Huyo ni nyani tu, twendeni."

Mwisho wa njia palikuwa na ngazi za mawe zilizotoka sakafuni mwa korongo hadi kwenye kibanda cha kupumzikia, chenye uzio wa chuma na benchi moja. Walipanda, wakanywa maji, wakahesabu ndege. Mlinzi wa Hifadhi aliyekuwa amesinzia kwenye benchi alijinyoosha na kuwapungia mkono. Darubini alisimama kwenye uzio na kupiga sauti mbili kuelekea chini. Sauti tatu zilijibu, karibu.

"Wanakuja," alisema.

Walisubiri. Alipiga tena, akajibiwa tena. Njia ile waliyopanda ilionekana yote hadi kwenye mchanga, nayo ilikuwa tupu.

"Mwalimu anapumzika kila hatua," alisema mgeni mmoja, akichezea kifuniko cha chupa.

Darubini alipiga mara ya tatu. Jibu lilikuja haraka, karibu kwa furaha. Mfamasia, ambaye kwa kawaida alipenda kuuliza maswali yenye majibu kitabuni, aliuliza polepole:

"Mbona wanajibu tu, na hawaji?"

Ndege mdogo mwenye kifua cha rangi ya machungwa aliruka kutoka kwenye kichaka cha chini, akatua kwenye uzio, hatua chache kutoka kwenye mkono wa Darubini. Alimtazama kwa jicho moja. Kisha alifungua mdomo na kusema kwamba sote tupo.

Alisema vizuri, na mkwaruzo wake. Kutoka chini, kwenye kichaka kingine, wa pili alimwitikia, na mbali zaidi wa tatu, mpaka kule kwenye giza la Koo. Kiangazi kizima korongo lilikuwa darasani.

Wakiwa wamesimama hivyo, hewa ilibadilika. Ilipanda baridi kutoka kulia, upande wa vilele, ikiwa na harufu ya udongo uliochimbuliwa. Halafu ulikuja mngurumo, na nyuma ya mngurumo maji. Hayakuwa mengi kama ya mto. Yalikuwa ya rangi ya chai, yamebeba matawi na povu, na yaliujaza upana wote wa korongo kwa muda ambao mtu angetumia kukunja shati. Yalipita chini ya miguu yao yakielekea kule walikotoka.

Darubini alishika uzio na kuita jina la mkewe. Hakuita kama mtu anayeita. Aliita kama mtu anayejaribu kuyatangulia maji.

"Darubini!" Mlinzi alikuwa amesimama, amestuka kweli. "Tangazo, bwana!"

Jambo hilo mlinzi alilijutia baadaye, na majuto hayo hayakumsaidia mtu. Darubini alikuwa ameshashuka nusu ya ngazi, na mfamasia nyuma yake akimvuta shati, wote wawili wakilia, mmoja kwa sauti na mwingine bila sauti. Ngazi za chini zilikuwa zimeingia majini. Walikaa hapo. Hapakuwa na kitu kingine cha kufanya, na kukaa huko ndiko kulikokuwa kubaya kuliko vyote, kwa kuwa kila mngurumo ulipopungua kidogo walisikia ndege, kutoka kwenye vichaka vya juu visivyofikiwa na maji, wakiendelea kuwahakikishia.

Maji ya namna ile huja haraka na kuchoka haraka. Yaliposhuka hadi magotini, Darubini aliingia, na mlinzi alimfuata na kamba.

Waliwakuta Koo. Mwalimu mstaafu alikuwa juu ya ubao wa jiwe, amelala kifudifudi, kiatu kimoja hana, mkono wake ukiwa umeshika mkanda wa begi. Upande wa pili wa mkanda alikuwa Bi Mkia, ndani ya maji ambayo pale penye wembamba yalikuwa bado hadi kiunoni, ameegemea ukuta. Gogo lilikuwa limembana mguu kwenye mwamba. Kitambulisho kilikuwa bado kinaning'inia shingoni.

"Upo?" alipiga ukelele Darubini alipomwona. "Mama, upo?"

Hakujibu. Macho yalikuwa wazi na yalimtazama. Darubini alimfikia, akamshika uso kwa mikono miwili, na ndipo midomo ile ya bluu ilipofunguka.

"Nilinyamaza," alisema. "Nilinyamaza kama ulivyosema."

Mguu haukukatwa. Hilo watu waliliita bahati, na kwa kuwa hawakuwa wao wenye mguu huo, hapakuwa na namna ya kubishana. Ulipachikwa vyuma, na daktari alisema atatembea, ila neno "milima" alilitoa kwenye maelezo yake kwa upole.

Nyumbani jambo jipya lilianza. Darubini akiwa ukumbini alikuwa akiita, "Mama, upo?" Mkewe aliitika kutoka chumbani, "Nipo." Na Darubini aliinuka akaenda kutazama. Baada ya muda aliita tena, akaitikiwa tena, akaenda tena. Alisimama mlangoni, akamwona, akarudi. Jibu lilikuwa halimtoshi tena.

"Si nimekwambia nipo?"

"Umeniambia."

"Sasa umefuata nini?"

"Hakuna kitu. Nimekuja tu."

"Utachakaza sakafu," alisema bibi kutoka uani, lakini siku hizo hata yeye hakutania kwa moyo.

Binti alikuwa ameacha kupiga mluzi. Siku moja alijisahau akiwa anafua, akatoa sauti ya kwanza tu, na kutoka chumbani kikasikika kishindo cha kitu kilichoanguka. Walimkuta mama yake ameketi sakafuni kando ya kitanda, mto ameukumbatia, akitetemeka kwa namna ambayo blanketi halikuisaidia.

"Mimi nikinyamaza, mwingine ananisemea," alisema. "Nikifa watasema nimejibu."

Kikao cha uchunguzi kilifanyika katika ofisi ya Hifadhi, langoni, madirisha yakiwa wazi kwa sababu ya joto. Mkuu wa Hifadhi alikaa kichwa cha meza. Alikuwa mtu mwenye adabu, asiye na ubaya na mtu; alisoma karatasi zake kwa umakini uleule ambao watu wengine huwatazamia wenzao. Katibu aliandika. Bi Mkia alikaa kwenye kiti kilichokuwa kifupi kwa mguu wake ulionyooka, na binti alisimama nyuma yake ameshika magongo.

Mwalimu mstaafu alisema kwamba bila mama huyu asingekuwa hai. Mkuu alishukuru kwa hisia zake. Mfamasia alisimama kwa zamu yake.

"Kiongozi alipopiga mluzi, mlisikia jibu?"

"Tulisikia, mheshimiwa, lakini..."

"Kila mara?"

"Kila mara. Ila walikuwa ndege."

"Wakati ule mlijua kuwa ni ndege?"

"Hapana."

"Basi kwa wakati ule," alisema Mkuu, akimtazama katibu ili aandike, "mkia ulijibu."

"Mkia haukujibu!" Darubini alikuwa amesimama. "Mke wangu alikuwa amenyamaza, mzee. Alinyamaza kwa utaratibu wangu, ule ulioupitisha wewe. Na alikuwa ameshaniambia nyumbani, asubuhi ileile, kwamba kuna kinachojibu. Nikamwambia asiseme. Nilijua ni kurumbiza. Nilijua, na niliogopa mfunge matembezi."

Mkewe alimgeukia, akamtazama kama alivyomtazama majini.

"Mazungumzo ya nyumbani hayamo katika mamlaka ya kikao," alisema Mkuu, bila ukali. "Kaa, ndugu. Mama, una ombi?"

"Ninalo moja. Turuhusiwe kuitana. Kwa majina, kwa sauti zetu. Ndege wakikimbia, watarudi."

"Ombi limesikika. Kabla ya uamuzi, kwa ajili ya kumbukumbu, tupigie huo mluzi wako, tuufahamu."

Bi Mkia alitazama dirisha, kisha mikono yake. Alikunja midomo. Ilikuwa imekauka, na ndani yake hamkuwa na pumzi. Kilichokuwamo ni yale maji ya rangi ya chai. Alijaribu tena. Jasho lilimtoka kwenye paji. Hapakutoka kitu.

Kutoka nje, kwenye mti wa kivuli karibu na kibanda cha tiketi, sauti tatu zilipanda, na ya tatu ikakwaruza.

"Asante," alisema Mkuu wa Hifadhi, ambaye alikuwa ameshainamia karatasi zake. "Inatosha."

Binti aliyakaza magongo mpaka vidole vikawa vyeupe. Katibu alisimama na kusoma uamuzi, ambao ulikuwa umechapwa kabla ya kikao ili kuokoa muda.

"Kikao kimeridhika kwamba mawasiliano hayakukatika wakati wowote. Mgeni aliyekuwa mwisho na akajitenga na msafara anasamehewa kwa kuwa amejeruhiwa. Matembezi yataendelea Jumamosi ijayo. Marufuku ya kuitana inabaki. Nafasi ya mkia ijazwe kabla ya siku hiyo, ikiwezekana na mtu wa familia, kwa kuwa gharama zake zimezoeleka. Ili kuondoa utata uliojitokeza, mluzi wa mkia utabadilishwa, na viongozi wote wanaagizwa kuhakikisha kwamba mluzi mpya haupigwi mahali popote ambapo ndege wanaweza kuusikia."